Bwiza Inainamisha Pua

2 Machi

Mimi Ridhwani, kapiteni wa bato Bwiza, meli ya starehe ya ziwani, nimeanza kuandika leo. Shule nilisoma kidogo, herufi nyingi nilijifunzia kwenye madebe ya mafuta na kwenye moteri. Lakini huyu binti Uwera anaandika kazi za bato kila jioni kwa Kifaransa, na nimechungulia, jina langu halimo. Basi na mimi naandika yangu. Bantu bajue nani ameilea hii bato.

Bwiza ni ya chuma yote. Ililetwa vipande vipande wakati wa ukoloni wa Babeleji, ikaunganishwa hapa hapa kwetu. Ina moteri mbili, vyumba vya kulala, meza ya kulia kule nyuma, na usukani wa mbao ambao mikono yangu imeulainisha. Ziwa lote la Kivu, upande wetu na upande wa Bukavu, hakuna bato ya starehe yenye ukubwa huu. Anayebisha aje.

Madamu Mukamazimpaka, mwenye bato tangu bwana yake afariki, amesema neno moja tu. Mvua zikiisha, muntu wa kontroli anakuja kukagua bato. Bato ikipita, itabeba bageni ba hoteli yake. Isipopita inakatwa, chuma kiuzwe kwa kilo.

Nikamwambia, "Madamu, siku banakata Bwiza, banikate na mimi."

Akacheka. "Wewe Mzee, bakupime na nini? Huna kilo."

4 Machi

Mvua. Nimefunga swaumu, nimebadilisha filta.

7 Machi

Uwera ameanza tena. Huyu Uwera Madamu alimchukua mwaka jana awe wa pili wangu. Ana karatasi ya shule inayosema anajua bato. Mimi sina karatasi, nina bato.

Anataka tufungue chumba cha pua. Ni chumba kidogo kule mbele kabisa, hakina mlango wa ndani, kina kifuniko tu juu ya sitaha, kimefungwa bolti tangu kabla sijapata kazi hapa, kimepakwa rangi juu ya rangi.

"Papa, chuma kilichofungiwa kinaoza kimya kimya. Tufungue tuone."

"Binti, kitu usichokigusa hakikuchukii."

"Na muntu wa kontroli akisema tufungue?"

"Atanikuta mimi."

Spana kubwa nimeenda nayo nyumbani.

11 Machi

Leo jambo dogo. Naliandika kwa sababu limekataa kunitoka.

Nilikuwa nimelala tumbo kati ya moteri mbili, nafunga kamba ya grisi pale ekseli, ule mhimili wa moteri, inapotokea kwenda majini. Kazi hii inataka mkono unaojua. Ukikaza sana ekseli inaungua, ukilegeza maji yanaingia, unaogelea. Inatakiwa idondoke tone, itulie, idondoke tone. Mvua ilikuwa inapiga juu. Nikasikia muntu anasema, "Hodi."

Sauti ya muntu muzima, mwenye adabu, hana haraka. Kinywa changu kikajibu chenyewe, "Karibu, pita ndani." Ndivyo tulivyolelewa sisi ba Kamembe, mji wetu huu wa ziwani. Hodi ya muntu haiachwi ianguke chini.

Nikangoja. Hakuna aliyepita. Nikageuza shingo kuelekea ngazi, ngazi tupu. Ndipo nikatambua kwamba sauti haikutoka kwenye ngazi. Ilitoka mbele, kupita vyumba vya kulala, kwenye ukuta wa chuma wa chumba cha pua.

Nikapanda juu. Uwera alikuwa kwao. Ghubani hakuna pirogi, hakuna mtumbwi wowote. Mvua tu juu ya maji.

12 Machi

Nimemuuliza Donatien, fundi wetu wa kuchomea vyuma, kama jana alipita.

"Mimi? Mimi na hodi wapi na wapi? Mimi naingia tu, mama yangu alinichapa hadi akachoka." Akaniangalia. "Papa Ridhwani, hiyo ni njaa. Mwezi wa mfungo njaa yako inakupigia hodi."

Nikamjibu kwa elimu. Mwezi wa mfungo mashetani wamefungwa minyororo, kila muntu anajua. Kwa hiyo aliyesema hodi siye shetani.

"Basi ni nani?"

Nikamtuma alete tindo.

16 Machi

Bwiza inainamisha pua. Mstari mwekundu niliouchora kuizunguka, mbele umeingia majini. Nyuma umepanda. Nimesema ni mnyororo wa nanga.

17 Machi

Tumeuhamisha mnyororo wote nyuma. Mgongo unaniuma. Pua haikupanda hata kidogo.

22 Machi

Betri, mapipa ya maji, godoro, hata jiko la gesi, vyote tumerudisha nyuma. Pua iko chini zaidi ya jana.

Uwera anasema ni maji, chumba kimetoboka. Nikamwonyesha kazi ya bazee. Nilishuka kwenye pirogi na nyundo ndogo, nikaigonga pua kwa nje, bati kwa bati. Chuma chenye maji nyuma yake kinanyamaza. Chuma kitupu kinalia. Pua ililia yote, safi, kama kengele. Ni tupu.

"Sasa kama ni tupu, Papa, kitu gani kina uzito?"

Nikamwambia msomi ni yeye, anijibu yeye.

31 Machi

Idi njema. Nimekula wali na nyama mpaka mke wangu Gasaro akaficha sufuria.

3 Aprili

Nimewasha moteri zote mbili, nimezunguka ghuba. Kulia inapiga vizuri. Kushoto inakohoa asubuhi kama mimi, ikipata joto inatulia. Lakini usukani ni mzito, na bato inapogeuka inachelewa, kama muntu anayeburuta mkono wa mtoto asiyetaka kwenda.

Bavuvi ba sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, balikuwa banarudi banaimba na pirogi zao tatu zilizofungwa pamoja. Balicheka hadi wimbo wao ukakatika.

"Eh Muzee! Bato yako inatafuta nini chini? Imeangusha sarafu?"

Mwingine akasema, "Acha, inanusa maji, inatafuta sambaza yenyewe!"

Nilibatukana vizuri. Lakini moyoni sikufurahi.

7 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya bantu baliouawa tisini na nne. Hatuwashi moteri. Bantu hawasemi sana.

15 Aprili

Leo nitaandika kirefu.

Tulikula mchana kwenye bato, mimi na Donatien na Uwera, kwenye meza ya nyuma. Mvua ilikuwa imekatika, ziwa limelala, hakuna upepo wa kuzima kiberiti. Uwera alileta ugali wa muhogo na sambaza na pilipili, mimi nikapika chai. Donatien alikuwa anatuchekesha habari ya pua.

"Papa Ridhwani, kama ulimwambia karibu, basi ni mgeni wako. Na mgeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Mupe jembe alime!"

Uwera alicheka hadi akajifunika uso. Na mimi nilicheka, sikatai. Nikasema kwa sauti, kuelekea mbele, kwa utani tu, "Mgeni, chakula tayari. Njoo ule."

Vikombe vitatu vilikuwa mezani, vimejaa. Chai ilikuwa imeinamia upande wa mbele, kwa sababu bato yote ilikuwa imeinama hivyo mwezi mzima, tulishazoea. Kisha nikaona chai inatembea. Haikutikisika. Ilihama taratibu kutoka ukingo wa mbele wa kikombe, ikalala sawa, kisha ikapanda ukingo wa nyuma, ikamwagika kidogo kwenye kitambaa. Chini yetu sitaha ilikuwa inashuka upande wetu, polepole, kama kitanda muntu anapokaa ukingoni. Kule mbele, pua ilikuwa inapanda kutoka majini. Niliinama ukingoni nikauona mstari mwekundu wote, unachuruzika maji.

Hatua hatukuzisikia. Ni uzito tu, unapita vyumba, unakuja, unafika mezani, unakaa.

Donatien alikuwa ameshika tonge, halijafika kinywani. Uwera, huyu wa karatasi, alisogea kidogo kwenye benchi. Alimwachia nafasi. Nafikiri hata yeye hakujua kwamba amefanya hivyo.

Tulibaki hivyo. Chakula kilipoa. Kisha chai ikarudi kama ilivyokuja, na pua ikashuka majini.

Donatien akaweka tonge chini, akafanya ishara yake ya msalaba. "Papa," akasema, "ile ya jembe nilikuwa natania. Mwambie nilikuwa natania."

16 Aprili

Nimesoma aya zote ninazozijua, mbele pale, juu ya kifuniko. Donatien amemwaga maji ya kanisa. Pua haikupanda. Adui angekimbia, nafikiri. Mgeni hakimbii, amekaribishwa.

Uwera hataki tena tufungue.

24 Aprili

Mvua siku zote. Hatuli tena kwenye bato.

6 Mei

Madamu alikuja na mwavuli, akasimama gatini akaangalia.

"Mzee Ridhwani, inalala kichwa chini. Muntu wa kontroli ataona hata akiwa barabarani."

"Itanyooka, Madamu."

"Lini?"

Nikasema kabla ya mvua kuisha. Nimeendesha bato hii na gavana ndani, na maaskofu, na bibi harusi aliyetapika kwenye kofia yangu. Sijawahi kumwambia mwenye bato sijui. Uwera alikuwa pembeni, alikuwa anaweza kusema yote. Hakusema. Madamu alipoondoka nikamuuliza kwa nini.

"Ningemwambia nini, Papa? Kwamba kapiteni amepangisha chumba?"

Binti huyu si mbaya. Nilimwona vibaya mwanzo.

13 Mei

Nimefikiri sana. Mgeni hafukuzwi, lakini mgeni anaaga, na akiaga unamsindikiza. Kwetu huwezi kumwacha aondoke peke yake toka mlangoni. Unatembea naye mpaka njiani, mnaongea, unarudi. Labda huyu anangoja kusindikizwa. Lakini wapi? Kutoka chumba ambacho hakina mlango?

20 Mei

Madamu anataka jaribio kabla ya kontroli. Tutakwenda hadi Nkanka, kando ya ziwa, na kurudi, na yeye mwenyewe ndani.

27 Mei

Naandika nguo zikiwa bado mbichi.

Tulitoka asubuhi, ziwa jeupe, limetulia. Mimi kwenye usukani, Uwera kando yangu, Donatien chini kwa moteri, Madamu kwenye kiti cha ngozi na kitambaa kichwani kama malkia. Tulikwenda vizuri hadi tukaiona Nkanka. Ndipo mawingu yakashuka kutoka kisiwa cha Ijwi, meusi, na upepo mbele yake. Mvua za mwisho zina hasira, zinajua zinafukuzwa.

Mawimbi ya kwanza Bwiza iliyapanda. La nne haikulipanda. Iliingiza pua chini yake na kukaa humo. Maji yakapita juu ya sitaha mpaka kwenye kioo changu. Kule nyuma elisi, zile feni zinazosukuma maji, zikatoka hewani na moteri zikapiga kelele kama nguruwe. Nikapunguza. Pua ikapanda nusu, ikazama tena. Usukani ulikuwa hauna kitu mkononi, unazunguka kama wa mchezo wa batoto.

Madamu alikuwa anaita Mungu kwa Kinyarwanda. Uwera akanishika bega.

"Papa, tukigeuka kurudi inatupindua. Kuna mchanga pale Nkanka chini ya migomba. Itupe pale!"

"Kuna mawe kabla ya mchanga."

"Najua kuna mawe!"

Nilielewa anasema nini. Nikiitupa pale, chuma kitapasuka, na bato iliyopasuka wiki mbili kabla ya kontroli ni bato ya kukatwa kilo. Hii bato niliyoilea kuliko wanangu, wanangu wenyewe wanasema. Nilimwangalia Madamu, na mikono ya Uwera, nikamfikiria Donatien chini gizani na moto wa moteri. Kisha nikasukuma kushoto mbele yote, kulia nikairudisha nyuma, maana usukani ulishakufa na moteri mbili ndizo zilibaki kuwa usukani. Bwiza ikazunguka pale pale, ubavu kwenye wimbi, ikalala hadi sahani zote zikavunjika. Nikazipa zote mbili mbele. Hakuna kapiteni mwingine kwenye ziwa hili angefanya vile. Uwera aliona, na jioni ameandika, na safari hii jina langu limo.

Tuligonga. Sauti ile sitaisema. Kisha kimya na mvua.

Donatien alishuka wa kwanza, maji kiunoni, akaenda mbele kuangalia. Akakaa sana. Akaita, "Papa, shuka. Njoo uone na macho yako."

Jiwe lilikuwa limeirarua pua kama mfuko wa karatasi, na kidonda kiko wazi, mlango kabisa, muntu anapita. Sote wanne tulichungulia. Chumba kilikuwa kikavu. Vumbi la kutu chini, jekundu, laini kama unga. Halina tone, halina alama. Maji ya miezi yote ambayo Uwera aliyasema hayakuwepo, na hata lile wimbi lililotufunika halikuingia.

Na bado Bwiza ilikuwa imelala kichwa chini, inasaga mawe.

Madamu alilia. "Tupu! Mzee, umenivunjia bato kwa ajili ya chumba kitupu?"

Nilisimama mbele ya ule mlango, mvua inanipiga. Nikavua kofia. Nikasema, "Mgeni wetu, tumefika nchi kavu. Umekaa nasi vizuri, hukutudhuru. Sasa shuka. Nitakusindikiza."

Bwiza ikapanda. Pua ilijiinua kutoka kwenye mawe kwa upole, ule mpasuko ukatoka juu ya maji, na bato yote ikalala sawa kama siku nilipoipaka rangi. Ikaanza kuelea kurudi nyuma yenyewe. Uwera alikimbia na kamba. Madamu aliacha kulia, akashika kitambaa chake mdomoni.

Mimi nilikuwa nimeshageuka. Nilianza kupanda njia ya kwenda barabarani, kati ya migomba, na nikawa naongea kama inavyotakiwa unaposindikiza muntu. Habari za mvua. Habari za bei ya mafuta. Miguu ilikuwa mizito, nikasema ni uzee. Nilipofika juu nikasema, "Basi, kwa heri, safari njema," nikangoja kidogo, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, ya kwanza iliyopita.

Kijana wa moto hakuondoka. Aligeuka.

"Muzee, muko babili?"

"Unaona bangapi?"

"Naona mumoja. Lakini moto inasema babili." Akashuka, akabonyeza gurudumu la nyuma. Lilikuwa limekaa chini. "Pneu ni mupya hii. Nimejaza upepo asubuhi."

Kwenye kilima cha kwanza gurudumu la mbele lilikuwa linataka kuacha barabara. Tukafika Kamembe. Aliniteremsha mlangoni kwangu, hakungoja malipo.

28 Mei

Gasaro analalamika kitanda kinalia. "Umenona lini, mume wangu?"

5 Juni

Bwiza imerudi gatini, Donatien amefunga bati jipya kwenye pua, kazi safi, hata mimi nimesema. Mvua zimekatika, mbingu iko juu. Madamu amesamehe, maana bato imenyooka, na anamsimulia kila muntu kwamba ni mawe ya Nkanka yameinyosha.

Leo mchana nilikwenda kupima mafuta. Nikakanyaga ubao, nikaingia sitahani. Donatien alikuwa kwenye pirogi anapaka mstari mwekundu. Nikasikia brashi imesimama.

"Papa Ridhwani."

"Nini?"

"Hebu rudi chini kidogo. Gatini."

Nikarudi. Akaangalia mstari. "Panda." Nikapanda, sitaha ikashuka chini yangu. Rangi ikamdondoka kwenye magoti. "Shuka, Papa," akasema polepole. "Tafadhali, shuka."

Alitaka kuniambia kitu kingine, akaniangalia begani, akaacha.

6 Juni

Sikwenda kazini.

7 Juni

Sikwenda.

9 Juni

Nimemwambia Madamu magoti yamekufa, usukani ampe Uwera. Alishangaa. "Mzee, wewe? Ulisema tukukate pamoja nayo." Nikasema bato inataka damu changa, na kwamba mimi nimemfundisha binti huyu kila kitu anachokijua. Uwera alikuwa pale, akakubali kwa kichwa uongo wangu wote. Alininyooshea mikono miwili kunisalimu, na alipofika karibu yangu alipita upande mmoja, akaacha nafasi, kama ile siku ya benchi.

12 Juni

Muntu wa kontroli amekuja. Mimi nilikaa mbali, kwenye ukuta wa barabara. Alitembea na tochi, aligonga na nyundo, alitia sahihi. Bwiza imepita. Haitakatwa.

15 Juni

Leo imetoka na bageni ba hoteli. Nilikwenda kuangalia, kutoka kwenye ukuta. Imenyooka. Mstari mwekundu unazunguka bato yote, haugusi maji popote, hata kamba ya fundi seremala haiwezi kunyooka vile. Bavuvi balisimamisha makasia balipoiona. Uwera alipofika mbele yangu alipiga honi ndefu, na bageni balinipungia mikono bila kujua mimi ni nani. Ni mimi. Bato ile ni mimi, anayebisha aje.

Ilipotea nyuma ya kilima. Jua lilikuwa kali. Tulikaa kidogo, tukasikia moteri ya kushoto inapata joto na kutulia, kisha tukarudi nyumbani.